Saumu ya Shadya

Maisaka, Babati
9 Oktoba 2003

Dada Najma,

Shikamoo. Huku tuko salama, isipokuwa tumbo langu sasa linanitangulia kila mahali. Nikiingia dukani linafika kaunta kabla yangu. Feisal anasema nikigeuka ghafla nitaangusha sabuni zote. Tangu tumekuwa mkoa ameanza kuuza na saruji, kila mtu Babati anajenga, kwa hiyo mume wangu namwona akiwa na vumbi tu.

Jana nilikwenda kliniki. Daktari ameniambia kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, kwa hiyo sitazaa kwa kawaida. Nitapasuliwa mwishoni mwa Novemba, kabla uchungu haujaanza. Nikamwuliza kama hakuna sindano ya kupunguza uchungu ili nijaribu mwenyewe. Akasema sindano hiyo ipo, ila kwangu uchungu siyo tatizo, tatizo ni damu.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa kutoka Mbulu, anaitwa Mektilda. Yeye alipasuliwa mwaka juzi. Anasema walimchoma sindano ya mgongo, akafa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, lakini alisikia mikasi na maongezi yao yote, mpaka mmoja akaulizia bei ya mahindi. Mimi siwezi! Nataka nusukaputi, nilale, niamke mtoto yuko pembeni. Wewe ndiye unayelaza watu huko Dodoma kila siku. Niambie ipi ni ipi, na uniambie kama mdogo wako, siyo kama mgonjwa.

Mama mkwe amehamia kwetu kutoka Sigino ili anisaidie. Miaka minne ile bila mtoto alikuwa ananiita "mke wa Feisal". Siku hizi ananiita "mwanangu". Usinicheke, lakini nikiitwa hivyo nasikia raha mwili mzima.

Mdogo wako,
Shadya


Dodoma
16 Oktoba 2003

Mdogo wangu Shadya,

Marahaba, wewe na tumbo lako. Kwanza acha kusikiliza benchi la kliniki. Pale kila mtu ni daktari.

Sindano ya mgongo ni ganzi. Unachomwa chini, karibu na kiuno, ukiwa umekaa umejikunja. Baada ya muda mfupi miguu inakuwa mizito, maumivu hakuna, ila utasikia kuvutwavutwa, na utamsikia mwanao akilia mara ya kwanza. Huyo Mektilda hakukudanganya kuhusu maongezi. Mimi mwenyewe hapa huwa nawaambia madaktari waache habari za mpira. Lakini sindano hiyo haipoozeshi mtu. Kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa, basi. Kwa mtu aliyepangiwa siku yake kwa utulivu, mimi ningechagua hiyo. Ungekuwa mikononi mwangu ningekuchoma hiyohiyo hata ukinililia.

Nusukaputi ni habari nyingine. Tunaitumia damu ikitoka nyingi na presha ikashuka, maana hapo ganzi inaweza kuishusha zaidi. Sasa sikiliza vizuri. Mtu akilala kwa nusukaputi, koo lake nalo linalala. Chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda, na hakuna cha kukizuia kisiingie kwenye mapafu. Kikiingia huko kinaua. Ndiyo maana tunauliza: umekula nini, na saa ngapi? Watu wanatudanganya kwa kuogopa kugombezwa na manesi. Wewe ukiulizwa, sema kweli, hata kama ni andazi ulilolimalizia mlangoni.

Ukiona damu nenda hospitali saa hiyohiyo. Na Ramadhani inaingia: usifunge. Ruhusa unayo, utalipa baadaye. Usijifanye shujaa.

Dada yako,
Najma


Maisaka, Babati
2 Novemba 2003

Dada Najma,

Shikamoo, na heri ya mwezi mtukufu. Nina jambo la kukuambia, ila kwanza uape hulitoi. Umeapa? Haya.

Siku moja kabla ya mwezi kuandama, wanawake wa mtaani walikuja kukaa na Mama mkwe barazani. Mmoja akasema wanawake wa siku hizi ni wa mayai, akishika mimba tu anakimbilia ruhusa. Mama mkwe akasema yeye alimbeba Feisal tumboni na akafunga mwezi mzima, jembe mkononi, huko Sigino. Wakanigeukia wote. Dada, sijui mdomo wangu ulifunguka saa ngapi. Nikasema, "Mimi pia nafunga." Mama mkwe alinishika mkono mbele yao, akasema, "Huyu ndiye mkwe."

Siku ya kwanza nilifunga kweli. Mchana nikaanguka bafuni, sikumwambia mtu. Kesho yake nikaingia stoo, ufunguo ninao mimi, nikajibana nyuma ya magunia ya mbaazi, nikala kiporo cha wali wa daku. Sasa ndiyo mgahawa wangu. Nakula Mama mkwe akiwa anaswali adhuhuri, maana rakaa zake hazina haraka. Nasukutua, natoka nimelegeza macho kama mfungaji. Jioni ananiambia, "Futuru mwanangu, umechoka," na mimi nafuturu kwa adabu zote.

Cheka basi. Hata mimi nilicheka, mpaka alipoanza kunitangaza. Kwenye tarawehe wanawake wote wameshaambiwa. Feisal kaniletea tende nzuri kutoka Arusha, na akiniangalia naona anajivuna. Sasa nitarudije nyuma? Mungu anajua nina ruhusa. Shida yangu siyo Mungu, shida yangu ni baraza.

Damu ilitoka juzi, tone tu. Imekoma. Usianze.

Shadya


Dodoma
6 Novemba 2003

Shadya,

Leo sikusalimii vizuri. Nimekasirika, na hofu niliyonayo imezidi hasira.

Kula kwako hakunisumbui. Kula, ni haki yako na ya mtoto. Kinachonisumbua ni hiki. Damu inaanza kutoka nyingi mchana. Wanakukimbiza hospitali, presha imeshuka, hapo hakuna tena ganzi, ni nusukaputi. Mtu wa usingizi anauliza, amekula saa ngapi? Nyumba nzima inajibu kwa sauti moja: amefunga! Wanaapa, na hawadanganyi, ndivyo wanavyojua. Mwongo ni mmoja tu, na yeye yuko kitandani na wali wake tumboni.

Ni kweli sisi tunamhesabu kila mjamzito kuwa ameshiba, tunachukua tahadhari. Lakini mtu akijua kwamba umekula muda uleule, atapitisha kwanza mrija tumboni atoe kilichomo. Asipojua, ataharakisha kukulaza ili akuokoe na damu. Mimi pia ningeharakisha.

Mwambie Feisal. Mkiwa peke yenu, chumbani. Kama anakupenda, atacheka kwanza, kisha atakusaidia kumwambia mama yake. Siri yako ninayo, sitaitoa, ila nakuomba unifungue kiapo.

Na hilo siyo tone tu. Nenda hospitali, halafu unijibu kwa basi la kwanza.

Najma


Maisaka, Babati
9 Novemba 2003

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo, kipande cha chapati mkononi, nikashindwa kukimaliza. Umefurahi?

Nilikwenda hospitali kama ulivyotaka, Mama mkwe akanisindikiza. Damu imekata, wamesema nipumzike nisibebe kitu. Siku ya kupasuliwa ni baada ya Idi. Nimemwona na mtu wao wa usingizi, kijana mmoja wa Mbulu anaitwa Theophil, mpole, anaongea taratibu kama anakulaza tayari. Akaniuliza kama nafunga. Kabla sijafungua mdomo, Mama mkwe akajibu, "Hajaacha hata siku moja, baba." Theophil akanishauri niache, kwa ajili ya afya ya mtoto. Mama mkwe akatabasamu tu, akanipapasa mgongo.

Najua utasema hapo ndipo ningesema. Wewe hukuwepo, Dada. Hukuuona ule uso wake.

Nimeamua hivi. Siku ya Idi, watu wakishakula na kufurahi, nitamwambia Feisal. Zimebaki wiki mbili tu na kidogo. Mpaka hapo nitakuwa nakula kidogo sana, hata wewe ungesema nimefunga.

Mdogo wako mwenye kiburi,
Shadya


Dodoma
12 Novemba 2003

Mdogo wangu,

Leo nilipiga simu dukani. Niliomba apokee Feisal, kumbe amekwenda Arusha kuchukua mzigo. Akapokea Mama mkwe wako. Alifurahi kunisikia. Akaniambia, "Mdogo wako anafunga mpaka tunamwonea huruma. Mmelelewa vizuri huko Kondoa, Mungu awarehemu wazazi wenu." Neno lilinifika mdomoni, Shadya. Nikalimeza, kwa ajili yako. Tangu niweke simu chini sijaweza hata kufuturu sawasawa.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi nakuja Babati, barabara iwe imekatika au haijakatika. Nikifika nitakaa na wewe mpaka uzae, na tutasema pamoja, mimi ndiye nitakayeanza.

Ila damu ikikuwahi kabla yangu, fanya hivi. Usihangaike kusema mbele za watu. Mwambie Theophil unataka kubaki naye peke yenu. Akiwatoa watu, mwambie. Kama huna nguvu ya kusema, mshike mkono, na akikuuliza umekula, tikisa kichwa ukubali. Mtu wa kazi yetu ataelewa mara moja, na hatamwambia mtu yeyote. Sisi tunatunza siri nyingi kuliko hizo.

Tafadhali. Sijawahi kukuomba kitu.

Najma


Maisaka, Babati
28 Novemba 2003

Shemeji Najma,

Assalaam alaykum. Ulipofika Jumamosi ile tulikuwa tumeshatoka makaburini, na siku za matanga wewe ulikuwa ndani na wanawake, mimi nje na wanaume. Hatukupata nafasi ya kuongea. Barua uliyomwandikia ilichelewa kwa kondakta, ikaletwa Jumatatu, ndipo nikakukabidhi bila kuifungua. Idi imepita, hapa nyumbani hatukuisherehekea.

Nakueleza ilivyokuwa. Ijumaa, tulipotoka msikitini, nilikuta Mama anapiga kelele. Shadya alikuwa kwenye mlango wa stoo, damu imejaa sakafuni. Tukampakia kwenye pikapu ya jirani. Hospitali walimpokea vizuri, sina lawama hapo. Yule Theophil akauliza amekula saa ngapi. Mama akamwapia kwa Mungu kwamba tangu daku hajatia kitu mdomoni. Theophil akamwinamia Shadya, akamwuliza mwenyewe. Shadya akamwangalia Mama, halafu akafumba macho. Wakaingia naye.

Mtoto wa kike akatoka mzima, anaendelea vizuri, Mama ndiye anayemlisha. Lakini Shadya hakuzinduka sawasawa. Alihema kwa shida mpaka asubuhi, akatutoka.

Sasa Theophil anasema chakula kilipanda kikaingia kwenye mapafu. Anasema ulikuwa wali. Yaani anasema mke wangu alikuwa amekula mchana wa Ramadhani! Mama tangu asikie neno hilo halali. Kwake, Shadya amekufa na saumu yake, na hilo ndilo linalomfuta machozi. Ndugu yangu Mustapha anasema kijana amekosea dawa, sasa anamsingizia marehemu. Tumepeleka malalamiko, amesimamishwa kazi, na vijana wamevunja madirisha ya nyumba yake kule Nangara. Imamu ametusihi tusikimbilie mambo. Lakini Jumatano ijayo tunaitwa kwenye kikao, na yeye atakuwepo.

Wewe ni mtaalamu wa kazi hiyohiyo, na ni damu yake. Naomba uniandikie kwamba mtu aliyekula daku hawezi kuwa na wali tumboni mchana wote ule. Neno lako litamaliza kila kitu.

Shemeji yako,
Feisal


Nangara, Babati
29 Novemba 2003

Dada Najma,

Hunifahamu. Mimi ndiye niliyemlaza mdogo wako. Pole sana. Nilisikia msibani kwamba dada wa marehemu ni mtu wa usingizi Dodoma, ndiyo maana nimethubutu kukuandikia.

Sitaki kujitetea kwako. Damu ilikuwa nyingi, ganzi isingewezekana. Nilichukua tahadhari ninazochukua kwa kila mama mjamzito, nikaagiza koo libanwe ili kitu kisipande wakati naingiza mpira wa hewa. Kilipanda kingi, kwa ghafla. Tulivuta tulichoweza kuvuta. Ningejua ningepitisha mrija kwanza. Hilo nalirudia kichwani kila saa.

Nilimwuliza mara mbili. Nadhani mara ya pili alitaka kusema kitu. Ningewatoa watu, lakini mama yule alikuwa amemshika mkono, na mimi nilikuwa na haraka.

Mke wangu anataka turudi Mbulu tukalime kwa wazazi. Labda itakuwa hivyo. Mimi nataka kujua jambo moja tu: je, nilichokiona kwenye mashine ya kuvutia ndicho? Watu wengi wananiambia sikukiona, mpaka nimeanza kujitilia shaka.

Theophil


Dodoma
2 Desemba 2003

Shemeji Feisal,

Wa alaykum salaam. Barua hii msomee Mama. Msomee yote, usiruke.

Ningeweza kukuandikia kwamba chakula cha daku wakati mwingine kinakawia tumboni mwa mjamzito. Ni kweli hutokea. Maneno hayo yangemsaidia Theophil kidogo, na Mama angebaki na kile kinachomfuta machozi. Niliiandika barua hiyo jana, nikaichana.

Shadya alikuwa anakula. Alifunga siku ya kwanza, akaanguka bafuni, na tangu kesho yake alikula kila siku. Ndiyo maana ulimkuta kwenye mlango wa stoo. Hakuwa na kosa kwa Mungu, ruhusa alikuwa nayo, na ningempa hata mimi. Alificha kwa sababu Mama alimshika mkono mbele ya watu akamwita mkwe, baada ya miaka minne ya kuitwa mke wa Feisal. Aliogopa kupoteza hilo. Nilimsihi akwambie wewe. Alisema atakwambia siku ya Idi.

Siku mbili kabla ya Ijumaa ile nilipiga simu dukani, nikaongea na Mama, nikanyamaza. Kwa hiyo usidhani naandika haya nikiwa nimesimama pembeni yenu. Nina hasira na Shadya, nina hasira na mimi mwenyewe, na namlilia kila ninapovaa glavu.

Theophil aliona alichokiona. Hakukosea dawa. Aliuliza swali linalotakiwa, akajibiwa na mtu asiye mgonjwa. Nimemwandikia leo, kabla sijakuandikia wewe, na nakala nimeituma hospitali kwa ajili ya kikao. Kwa hiyo usinijibu kuniomba ninyamaze, nimechelewa kunyamaza.

Mbusu mtoto.

Shemeji yako,
Najma


Maisaka, Babati
8 Desemba 2003

Najma mwanangu,

Anayeandika ni Feisal, maneno ni yangu Sabaha, nimemkataza kuyapamba.

Barua yako alinisomea. Nikamwambia wewe ni mwongo, una wivu na marehemu. Akanisomea tena. Nikachukua ufunguo, nikaenda stoo mwenyewe, nikasogeza magunia. Sahani yake ilikuwa bado pale.

Juzi nilikwenda Nangara. Mke wa yule kijana aliogopa kunifungulia. Nikasema nje, majirani wakisikia, kwamba niliapa kwa jambo nisilolijua, na kwamba mumewe hana kosa. Theophil alitoka akanipa kiti. Amerudishwa kazini, lakini mkewe bado anafungasha vyombo, na simlaumu. Mustapha nimemwambia akaweke vioo.

Wanawake wamekuja barazani kunipa pole, nimewarudisha. Sina cha kuongea nao.

Mtoto anakunywa maziwa, analala. Usiku namwangalia anavyonyonya chupa kwa pupa, nalia.

Nina swali, na wewe tu ndiye wa kunijibu, maana alikuwa anakuandikia. Feisal hataki nikuulize. Nyumba ilikuwa na mayai, ilikuwa na maziwa, nyama ya futari ilikuwa haikosi, na mimi nilikuwa jikoni siku nzima. Niambie, mwanangu. Huko stoo, alikuwa anashiba?

Mama Feisal